Kutoka Jeshini Kwenda Kwenye Ushauri Elekezi

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Mhariri. Mimi ni kapteni jeshini, mzaliwa wa Pemba, na kwa miaka mingi nimeshughulikia ugavi na usafirishaji. Nina shahada ya uongozi wa biashara niliyoisoma nikiwa kazini. Natarajia kuacha utumishi mwakani, na nia yangu ni kufanya kazi ya ushauri elekezi katika uendeshaji wa makampuni na taasisi. Nimepeleka wasifu wangu, ambao nimeuambatanisha hapa, kwa kampuni mbili za Dar es Salaam, na zote hazikunijibu. Jamaa wananishauri nitumie kiinua mgongo kusomea shahada ya uzamili. Je, nifanye hivyo, au kasoro iko pahala pengine?
Kapteni, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu salaam, Kapteni. Nimeusoma wasifu wako mara mbili, na kasoro naiona humo kabla sijaiona katika elimu yako, kwa hiyo naomba kiinua mgongo kikae benki kwanza.

Umeandika hivi: "Afisa Ugavi wa kikosi, niliyewajibika na usambazaji wa mahitaji yote kwa mujibu wa taratibu." Askari mwenzako ataelewa uzito wa maneno hayo, lakini anayeajiri washauri hatapata humo tatizo lililokuwepo, wala uamuzi uliouchukua, wala kilichobadilika baada yake. Katika sehemu ya barua yako tusiyoichapisha hapa, tena kwa kupitia tu, umenieleza kwamba vituo vyenu vya visiwani vilikuwa vikiishiwa chakula na mafuta kila kusi ilipochafua bahari, ukapanga upya safari za boti ili akiba ipelekwe kabla ya msimu, na upungufu ukakoma. Hicho ndicho kinachotafutwa, na wewe umekiacha nje ya wasifu! Kiandike kwa sentensi mbili, kisha fanya hivyo kwa kazi nyengine tatu au nne. Idadi ya askari, kiasi cha akiba na mahali pa maghala usiviguse kabisa, kwani Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haikomi kukuhusu siku unapovua sare. Eleza mabadiliko kwa uwiano, kama nusu au robo, si kwa idadi kamili, na ukiwa na shaka juu ya jambo lolote uliza kikosini kabla ya kuliandika.

Usione kwamba unatoka mbali mno na fani hii. James O. McKinsey, aliyeanzisha kampuni ya ushauri yenye jina lake mjini Chicago mwaka 1926, alitumikia idara ya zana ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akishughulika na mambo ya ugavi kama wewe.

Penye ugumu hasa ni kwenye usaili. Kampuni nyingi za ushauri humpa mwombaji kisa akitatue papo hapo, kwa sauti, mbele ya wasaili. Tuseme umeambiwa kwamba hoteli ya vyumba 60 kule Nungwi imejaa karibu mwaka mzima, lakini faida imeshuka miaka miwili mfululizo. Afisa aliyezoea kutoa uamuzi haraka atasema wafanyakazi wapunguzwe, na hapo usaili umekwisha. Mshauri hugawa swali kwanza: tatizo liko kwenye mapato au kwenye gharama? Kwenye mapato atauliza bei ya chumba na kamisheni wanayokata mawakala wa mtandaoni. Kwenye gharama atauliza mishahara, dizeli ya jenereta, maji, na vyakula vinavyoletwa kutoka Bara. Ikidhihirika kwamba wageni wanaokuja kwa kupitia mawakala wameongezeka na wanaopiga simu wenyewe wamepungua, basi vyumba vinaweza kujaa huku fedha zikibaki kwa mawakala, na kumfukuza mpishi hakutasaidia kitu. Nyinyi jeshini mnafundishwa kuchanganua hali kabla ya kutoa amri. Tumia mafunzo hayo hayo, ila hatua zako zisikike. Fanya mazoezi na mtu atakayekukatiza kwa maswali, mara kwa mara, hadi usikereke.

Kukereka nakutaja makusudi. Mshauri hana amri juu ya mtu yeyote. Mtunza ghala aliyekaa miaka ishirini kazini anaweza kukuambia daftari limepotea, ukajua wazi kwamba liko mvunguni mwa meza yake, na huna la kumfanya isipokuwa kurudi kesho, ukae naye, umsikilize malalamiko yake mpaka alitoe mwenyewe. Vilevile, ukiajiriwa na kampuni kubwa huenda ukaanza kama mchambuzi, chini ya meneja aliyezaliwa wakati wewe uko skuli, naye atakurudishia slaidi zako zikiwa zimejaa masahihisho. Kama hilo hutaliweza, ni bora ulijue sasa.

Kuhusu shahada ya uzamili, jamaa zako hawakukosea kabisa: kampuni kubwa za kimataifa huajiri wengi kutoka vyuo vya biashara, na huo ni mlango unaojulikana kwa wanaobadili fani. Lakini shahada hiyo humfaa zaidi anayelenga kampuni hizo. Ikiwa nia yako ni kubaki Zanzibar, ningeanza na cheti cha usimamizi wa miradi, ambacho gharama yake ni ndogo zaidi, kisha ningeomba kuingia kama mtaalamu wa ugavi katika timu ya mshauri ambaye tayari anashinda zabuni. Bandari, mahoteli, karafuu na mwani vyote vina matatizo ya ghala na usafirishaji, na wanaoijua bahari ya Pemba kwa kuifanyia kazi si wengi. Kabla ya kukubali kazi yoyote soma hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi unayopewa na masharti yake, neno kwa neno, hasa sehemu inayoeleza kitakachokabidhiwa na lini malipo yatatoka, kwa sababu malipo ya mshauri huja kwa awamu na mara nyingi huchelewa. Weka akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumbani.

Na barua ya udhamini kutoka kwa mkuu wako iombe sasa, angali yupo kituoni.