Anajibu vizuri kwa mdomo lakini ananakili ovyo ubaoni: mpime macho kabla hajakariri darasa

Mleta mada, umesema mwanao yuko darasa la tatu hapa Ujiji, ukimuuliza hesabu kwa mdomo anajibu, lakini daftari limejaa makosa na sasa umeshauriwa akariri darasa. Dada yangu, usikubali kwanza. Mpeleke akapimwe macho. Nimefundisha madarasa ya chini hapa Kigoma kwa miaka mingi, na mtoto anayejua kwa kusikia halafu anakosa kwa kutazama ndiye ninayemtilia shaka ya macho kabla ya kitu kingine chochote.

Chukua daftari lake leo jioni ulifanyie kazi hii. Niliwahi kuwa na binti wa darasa hilo hilo. Ubaoni niliandika 86 + 13, yeye akanakili 36 + 18, kisha akaandika jibu: 54. Ukisahihisha kwa haraka ni kosa. Lakini 36 na 18 ni 54 kweli! Nikarudi nyuma kurasa kadhaa, nikakuta hesabu nyingi alizopigiwa mkasi alikuwa amezipata, ila kwa tarakimu alizoziona yeye. Nilipomwita mama yake, akaniambia kinachomuudhi zaidi ni kwamba mtoto hana adabu: anapishana na watu wazima njiani bila shikamoo mpaka aitwe. Kumbe sura ya mtu aliye ng'ambo ya barabara hakuwa anaitambua.

Kliniki ya macho pale Maweni, hospitali yetu ya mkoa, walimkuta na tatizo la kutoona mbali. Mara nyingi hapo jicho zima limerefuka kuliko kawaida, picha inatua kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaoipokea, na cha mbali kinakuwa ukungu. Ndiyo maana ushauri wa mchangiaji wa juu, kwamba apewe karoti, hautamsaidia kwa hili. Vitamini A ni muhimu sana, ukosefu wake humfanya mtoto apapase giza likiingia, na sisi wa Kigoma tunayo tele kwenye mawese mekundu. Lakini chakula hakibadilishi umbo la jicho.

Mwingine kauliza, mbona mtoto mwenyewe halalamiki? Hajui kama kuna namna nyingine ya kuona. Kwa hiyo msisubiri aseme.

Shuleni tunaweza kuwachuja kwa chati, mtoto akisimama mita 6. Mimi napendelea ile ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, mtoto anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Chati ya herufi za kawaida wanaikariri wakiwa kwenye foleni. Na lazima apimwe jicho moja moja, lile lingine limezibwa kwa kiganja bila kulikandamiza, maana kwenye vidole huchungulia. Mwenye jicho moja bovu akitazama kwa yote mawili anafaulu kabisa. Ukiziba lile zima ndipo anaanza kugeuza shingo na kuusukuma mkono wako. Huyo asicheleweshwe, wala mwenye makengeza: jicho lisilotumika linazidi kuwa vivu, na matibabu hufaulu zaidi mtoto akiwa mdogo.

Chati nayo haikamati wote. Yupo anayesoma ubao bila shida, lakini akifungua kitabu kichwa kinamuuma, anaruka mistari, baada ya dakika chache anakifunga. Mwalimu anasema ni mvivu wa kusoma. Huyo naye apelekwe hata kama chati kaifaulu.

Kuhusu hofu kwamba miwani inaharibu macho: si kweli, na hofu hiyo haiko kwetu tu. Hata China wazazi wengi wanayo, na utafiti uliofanyika huko kwenye shule za msingi, ukachapishwa 2014, ulionyesha kuwa watoto wenye tatizo la kuona waliopewa miwani bure walipanda katika hesabu kuliko wenzao ambao hawakupewa. Ila nakuomba usimnunulie ile inayouzwa mitaani. Ile ni ya wazee ya kusomea, nguvu sawa macho yote, na asiyeona mbali inamzidishia ukungu.

Ukienda hospitali, nenda na daftari. Huenda akawekewa matone ya kulegeza misuli ya jicho ili kipimo kiwe sahihi. Mboni nyeusi zitapanuka, mwanga utamchoma na karibu hataona vizuri kwa saa kadhaa, kwa hiyo beba kofia na usimrudishe darasani siku hiyo. Wakati mnasubiri miwani, mwombe mwalimu amketishe mbele na asome kwa sauti kila anachoandika. Akishaipata, mrudishe kupimwa kila mwaka, kwa sababu jicho bado linakua na namba ya miwani, yaani nguvu yake, itabadilika.