Tundu kwanza, nakshi baadaye

Chungu cha kwanza cha mimea nilichotengeneza mwenyewe kilikuwa kizuri kweli. Nilichovya taulo kuukuu kwenye uji mzito wa saruji, nikalifunika juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kesho yake lilikuwa limekauka na mikunjo yake yote. Nikapaka rangi nyeupe, nikatia udongo, nikapanda sansevieria, mmea wa ndani wenye majani marefu yaliyosimama, na kuiweka karibu na dirisha la sebuleni.

Haikupita miezi miwili majani yakaanza kulegea. Nilipoushika mmea, ulitoka mzima mzima bila kushikilia. Mizizi ilikuwa ya kahawia na inateleza. Ukiivuta, ganda linatoka na kubaki uzi mwembamba. Udongo wa chini ulinuka kama maji ya mtaro. Niliumia sana, maana ule mmea niliukuza tangu ukiwa jani moja.

Sikuwa nimetoboa tundu la kutolea maji kwenye kitako. Nilitandaza kokoto chini nikiamini zitapokea maji ya ziada, na bado naona watu wengi wakishauriana hivyo. Tafadhali, msifuate ushauri huo. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanabaki kwenye udongo ulio juu yake mpaka ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto zinaisogeza tope karibu zaidi na mizizi.

Siku hizi naanza na tundu. Nikimimina saruji kati ya vyombo viwili, kimoja ndani ya kingine, nasimamisha kipande cha bomba kilichopakwa mafuta katikati ya kitako, upana wa sentimita 1 au zaidi. Vyombo navyo navipaka mafuta, la sivyo havitoki. Mchanganyiko wangu ni saruji kipimo 1 na mchanga laini vipimo 2, maji kidogo kidogo. Ukiyazidisha, chungu kinakuwa dhaifu na kupasuka. Vaa glavu, saruji mbichi inaunguza ngozi.

Baada ya siku moja natoa chungu, nakifunika kwa nailoni na kukinyunyizia maji kwa wiki nzima. Hapa ndipo wengi wanakosa subira. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, inapata nguvu kwa kukaa na unyevu. Kisha nakiloweka wiki nyingine nikibadilisha maji kila siku, kwa sababu saruji mpya ina ukali wa chokaa ambao mimea mingi haiupendi. Rangi na nakshi ni mwisho kabisa.

Vyungu vya udongo wa mfinyanzi ambao haujachomwa usivipandie moja kwa moja, vitalainika. Vyungu hivyo, pamoja na vikapu na makopo, vitumie kama vazi la nje tu: mmea ukae kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, uutoe kuumwagilia, uache uchuruzike, ndipo uurudishe. Hata kile cha taulo nakitumia hivyo sasa, na ndani yake kuna sansevieria nyingine yenye machipukizi matatu.