Jicho Jekundu Linalovuma

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ni bodaboda. Mwezi uliopita alianguka njia ya Pongwe akagonga kichwa, akapumzika siku mbili, akarudi kazini. Sasa wiki ya pili jicho la kulia limeiva na limetokeza nje. Matone hayasaidii. Usiku analalamika kuna kitu kinavuma kichwani, "vuu, vuu". Mawifi wanasema ni jini la bahari.
Mama Z., Ngamiani, Barabara ya 12

JIBU: Marahaba mwanangu. Wekundu haukunishtua, mvumo ndio. Anapousikia, mshike mshipa wa mkono. Ukivuma sawasawa na mapigo ya moyo, hilo jini ni damu.

Nyuma ya jicho pana uwazi uliojaa damu ya vena, na ndani yake unapita mshipa mkubwa wa ateri, karotidi, unaopanda kwenye ubongo. Kichwa kikigongwa vibaya, ateri hiyo huweza kuchanika. Damu yake yenye kasi humwagikia venani, na vena za jicho, ambazo kazi yake ni kuondoa damu, hujikuta zinaletewa. Hufura, jicho likasukumwa mbele, presha yake ikapanda. Neva za kuzungusha jicho nazo zimo humo humo. Muulize kama anaona vitu viwiliviwili. Dalili huweza kuchelewa siku au wiki, watu wakawa wameshaisahau ajali.

Yale macho mekundu ya mwaka 2024 yaliambukiza nyumba nzima. Hili ni jicho moja, la mtu aliyeanguka.

Aliyempa matone simlaumu. Mimi mwenyewe, kabla sijastaafu, nilimpa matone wiki mbili mvuvi wa Sahare aliyepigwa na foromali, ule mti wa kushikia tanga. Mkewe ndiye aliyeniambia, "Daktari, hata mimi nikimwekea sikio kwenye paji nausikia." Nikaweka kipimo cha kusikilizia moyo juu ya kope. Kweli, kinavuma kama kombe la pwani. Niliona haya.

Mpeleke hospitali ya Bombo kesho, na pikipiki asiiguse. Anzeni na habari ya kuanguka, ndipo mseme mvumo. Ombeni CT, yaani picha, ya mishipa ya damu na rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Tiba yake aghalabu si kufungua kichwa: mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinena, ukapandishwa hadi penye ufa, pakazibwa kwa visipringi vidogo. Akichelewa, jicho laweza kupofuka. Kichwa kikimuuma ghafla kupita kiasi, au kope ya juu ikalegea ikashuka, msingoje kuche. Na asali msimtie jichoni.

Yule mvuvi jicho lilirudi mahali pake. Ila akitazama pembeni, mpaka leo ngalawa moja anaiona mbili.