Kabla hujamtumia dada yako Johanniskraut kutoka Ujerumani, soma hapa

Kaka, umeuliza kama umtumie dada yako aliyeko Tanga vidonge vya Johanniskraut, dawa ya mmea, maana sonona imemkalia tangu mwaka jana na umesikia Wajerumani wanavisifia. Mimi nimevimeza hapa hapa Hamburg, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Wanaosema ni porojo wanakosea. Mmea wenyewe ni Hypericum perforatum, una maua ya njano, na ukivikanda vitumba vyake vidole vinabaki vyekundu. Huchanua karibu na tarehe 24 Juni, sikukuu ya Yohane Mbatizaji, ndiko jina lilikotoka. Mwaka 2008 mtafiti Klaus Linde na wenzake walipitia majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489: dondoo la mmea huu lilivishinda vidonge visivyo na dawa, likalingana na dawa za kawaida za sonona, tena kwa madhara machache zaidi.

Basi mimi, kipupwe changu cha kwanza huku, jua linazama saa kumi jioni, nikawa nashtuka saa tisa usiku na kulia hadi alfajiri. Nikavinunua bila kumwambia daktari, nikijipa moyo kwamba ni majani tu. Wiki ya nne usingizi ukarudi, kweli kabisa. Lakini nilikuwa pia natumia vidonge vya uzazi wa mpango, na tayari nilikuwa nimeanza kuona matone ya damu katikati ya mwezi. Nilipokwenda famasi, swali la kwanza la mama mfamasia lilikuwa: unameza nini kingine?

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndani ya mmea huu kuna kitu kinaitwa haipaforini, kinachoamsha vimeng'enya vya ini. Ini likishaamshwa hivyo linavunja na dawa nyingine kabla hazijamaliza kazi yake. Vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, na kijiti cha mkononi vilevile. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inapungua. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinapungua, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu virusi vikipata mwanya vinajenga usugu. Na hata ukiacha, ini linachukua kama wiki mbili kutulia.

Kama hospitali imeshampa dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini, usimtumie kabisa. Zikikutana, serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda kupita kiasi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Watu hufa kwa hilo.

Tena majaribio hayo yalitumia dondoo lililopimwa, mara nyingi miligramu 900 kwa siku, si unga wa kufungwa kwenye gazeti. Na hapa Ujerumani, kwa sonona isiyo nyepesi, dawa hii inatolewa kwa cheti cha daktari.

Nakuomba kitu kimoja leo. Mpigie, usimwandikie. Muulize taratibu anatumia dawa gani, akusomee majina yaliyo kwenye pakiti, na umuulize kuhusu kijiti hata kama unaona aibu. Ukishindwa, mpe simu mkeo aulize yeye. Muulize pia kama amewahi kuwaza kujidhuru. Akisema ndiyo, au akinyamaza, habari ya vidonge iishie hapo: atafutwe ndugu wa karibu ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake usiku.