Ada tatu, mshahara mmoja

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mhasibu, CPA, kile cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa, nimepata mwaka juzi, niko kampuni ya usafirishaji huku Vingunguti. Kila mwaka nalipa ada ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu na wakaguzi, halafu nina ACCA niliyoimaliza kabla, cheti cha uhasibu cha Waingereza, ada yake ni ya paundi, ukiigeuza shilingi inakaribia milioni. Sasa wenzangu wananivuta nijiunge na TAWCA nako, kile chama cha wanawake wenye CPA. Mume wangu kila Januari ananiuliza hivi hivyo vyeti vyako vina mdomo, mbona vinakula kuliko mtoto? Na mtoto ana miezi saba, bei ya maziwa ya kopo unaijua. Nikiacha nitajuta? – Mhasibu wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa mtoto, na mwambie baba mtoto swali lake ni zuri ila amechanganya mafungu.

Ada ya bodi itoe kwenye huo ubishi kabisa. Ile ni kama leseni ya dereva wa daladala, hakuna anayejadili kama ina faida. NBAA imeundwa kwa sheria ya 1972, na usajili wako ukifa huwezi kujiita CPA, na siku ukitaka kuwa CPA-PP, yaani wale wanaosaini ukaguzi na kuthibitisha ritani za kampuni zinazokwenda TRA, utaanzia wapi? Lipa mapema, basi.

Utata uko kwenye paundi. Mimi nimekaa rasilimali watu miaka mingi, nimesoma masivii mpaka macho yakauma, na matangazo mengi ya kazi ya uhasibu hapa Dar yanaandikwa "CPA(T) au ACCA", hiyo T ni Tanzania. Hiyo "au" ndo ya kuiangalia. Kama mpango wako ni kuzeekea Dar, unalipia funguo mbili za mlango mmoja. Ila kama kichwani una Dubai, Uingereza, au kampuni ambayo makao yake makuu hayako Tanzania, huko CPA yetu itabidi uielezee kwanza, ACCA wanaijua tu, ipo tangu 1904. Kwa hiyo jibu unalo wewe na huyo mume wako, kaeni muambizane ukweli mnaondoka au hamwondoki.

Halafu usikate kimya kimya. Watu wengi wanaacha tu kulipa wanafutwa kwenye orodha, zile herufi haziruhusiwi tena mwisho wa jina, na siku ukitaka kurudi unakuta na madeni yanakusubiri. ACCA wana utaratibu wa ada pungufu kwa mwanachama mwenye kipato kidogo, ila hawakuletei mezani, unaomba. Kama mwaka huu wa uzazi mapato yako yalishuka, angalia masharti yao uone kama umo.

Kingine ambacho naona unapoteza hela bila kujua ni mafunzo. ACCA wanataka units 40 kwa mwaka, 21 kati ya hizo ziwe na ushahidi, na bodi nayo inakudai masaa yako ya CPD, yaani mafunzo endelevu ya taaluma. Sasa semina ya Bunju pale APC, kituo cha NBAA, ukiihudhuria, mada ikigusa kazi yako, masaa yaleyale unayaandika kote kuwili, tunza cheti tu. Nimewaona watu wanalipia semina mbili kwa mada ileile ya kodi, chai ileile na sambusa zilezile.

TAWCA sasa. Mi sitakwambia konekisheni konekisheni, manake niliwahi kuwa kwenye chama kimoja cha taaluma yangu miaka minne, sikitaji, nikaambulia kalenda, peni mbili na cheti nilichokitundika sebuleni kufunika ufa wa ukuta. Lakini kusema kweli nilienda mkutano mmoja tu kwa miaka yote minne, nikakaa nyuma karibu na feni, nikala nikaondoka, ningepata nini? Kwa hiyo kabla hujalipa omba kuhudhuria kitu chao kimoja kama mgeni, uone kama kuna mtu hata mmoja ambaye ungependa kumpigia simu kesho yake. Na jiulize na mtoto wa miezi saba jioni unatoka saa ngapi Vingunguti unafika saa ngapi huko mjini na foleni ya Tazara ile. Kama huwezi kwenda, subiri mwaka kesho, hakitahama.

Ila mbona hujasema bosi analipa nini? Kampuni nyingi zinalipia ada ya bodi na hata ya pili, zinaiweka fungu la mafunzo, tatizo wahasibu wenyewe mnaona aibu kuomba wakati bajeti mnaiandaa nyinyi! Andika barua nusu ukurasa, ambatanisha risiti za mwaka jana, ipeleke kabla bajeti haijafungwa. Wakikubali hata moja nitumie ujumbe, na mume wako atulie na maziwa yake.