Jirani hawezi kujificha nyuma ya "hajawahi kuuma"

Mbwa wa jirani amemuuma mtoto wako, na mwenyewe anasema halipi kwa kuwa mbwa hajawahi kuuma mtu? Anashika nusu ya sheria tu. Kweli, Kenya ukidai kwamba alijua mbwa ni mkali, lazima uthibitishe alijua. Lakini kuna mlango wa pili, uzembe: lango liliachwa wazi, mbwa akatoka hadi njiani bila kamba. Hapo historia ya mbwa haihitajiki sana. Na kile kibao cha "Mbwa Mkali" ukutani, wengi Malindi hudhani kinawakinga. Kinaweza kutumika kuonyesha kwamba walijua. Kipige picha kabla hakijang'olewa.

Kwanza kidonda cha mtoto, kesi baadaye. Kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje zile siku 10 za kumchunguza mbwa kama ana kichaa ndipo uanze, na usikatishe dozi bila daktari kukwambia.

Ripoti polisi, upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3 (ya polisi ya kuandika majeraha) ijazwe na daktari. Weka kila risiti, hata ya tuktuk. Madai yanaweza kuanguka ikiwa hakuna aliyeshuhudia mbwa ametoka boma lipi, kwa hivyo chukua majina ya mashahidi leo. Mkikubaliana fidia kienyeji, iandikwe na isainiwe. Kwa mtu mzima, muda wa kushtaki ni miaka 3.