Jiwe la ufukweni kuwa kidani: usilisage kavu

Mdogo wangu wa Kibirizi uliyeuliza kwa nini jiwe lako jeupe lilipasuka ukilisaga na grinda: ni joto. Kama linakwaruza kioo na kisu hakilikwaruzi, basi yaelekea ni kwatzi (quartz), ugumu wake 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10. Kwatzi haipendi joto la ghafla. Saga polepole, maji yakidondoka muda wote.

Na maji si kwa ajili ya jiwe tu. Vumbi kavu la kwatzi ni silika, likiingia kwenye mapafu halitoki, na ugonjwa wake hauna tiba. Tafadhali sana, usisage kavu hata dakika moja, na barakoa ya kitambaa haitoshi.

Ukishapata umbo, chukua msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi rangi wa magari: namba 220, 400, 600, 1200, kutoka mkali hadi laini. Usiruke namba. Kabla ya kuhamia namba inayofuata, futa jiwe likauke ulitazame juani, maana maji huficha mikwaruzo. Osha jiwe, mikono na beseni, chembe moja ya 220 ikibaki inaharibu kazi yote ya 1200. Mng'ao wa mwisho ni kusugua kwa ngozi yenye oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia.

Kutoboa kunahitaji biti ya almasi, jiwe likiwa ndani ya maji, nusu upande huu, nusu upande ule. Kama huna, lizungushie waya wa shaba. Mimi napenda hivyo zaidi.